Bastola za Fataki na Thamani Yake kwa Wakusanyaji

Bastola ya fataki ni silaha ya karne ya 19 yenye silinda inayozunguka, mara nyingi ya matundu matano au sita. Kila tundu hujazwa kwa mbele: baruti kwanza, kisha risasi inayoshindiliwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu. Nyuma ya tundu huvikwa fataki, kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na nyundo.

Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola yake mwaka 1836, lakini kiwanda chake cha Paterson kilifungwa mwaka 1842. Vita vya Marekani na Mexico ndivyo vilivyomwinua. Mwaka 1847 zilitengenezwa bastola zake za modeli ya Walker zipatazo 1,100 tu, nzito, za kilo mbili hivi kila moja. Uchache huo umezifanya ghali mno: mwaka 2018 moja, pamoja na sanduku lake, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.84. Colt ndogo ya 1849 ilitengenezwa kwa zaidi ya 300,000, na ndiyo inayomfaa anayeanza. Ile ya 1851 ina silinda iliyochorwa vita vya baharini kati ya meli za Texas na za Mexico. Mchoro huo ukiwa bado unaonekana vizuri, bei hupanda.

Smith & Wesson, kampuni nyingine ya silaha, walikuwa na haki ya pekee ya silinda iliyotobolewa hadi nyuma, inayopokea risasi za ganda. Haki hiyo ilipokwisha mwaka 1869, enzi ya fataki nayo ikafikia ukingoni.

Anayekusanya hutazama uhalisia kuliko mng'aro. Namba zilizogongwa kwenye fremu, mtutu, silinda na kinga ya kifyatulio zinapaswa kulingana. Zikitofautiana, huenda vipande vimetoka kwenye bastola mbalimbali. Uchakavu nao usome kwa pamoja: mpini uliolika sana hauendani na silinda yenye mchoro mkali kama mpya. Tahadhari hii ina sababu, kwani viwanda vya Italia vimekuwa vikitengeneza nakala tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na walaghai huzizeesha kwa tindikali. Kosa kubwa zaidi ni kusugua bastola ya zamani mpaka ing'ae. Rangi ya asili ya chuma ikiondoka hairudi, na thamani huondoka nayo. Mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha.

Kabla ya kununua, bastola ichunguzwe kama ina baruti ndani, maana baruti ya zamani bado hulipuka. Sheria nazo hutofautiana: serikali kuu ya Marekani huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, lakini kipimo hicho hakivuki mipaka. Msomaji wa Afrika Mashariki aulize polisi kwanza, kabla ya kuagiza hata bastola isiyofyatuka.