Wateja wa Siri: Biashara ya Dawa za Nguvu za Kiume Karagwe na Kyerwa

Kidonge cha sildenafil si mali adimu tena. Kiliibuka katika maabara za Pfizer huko Sandwich, Uingereza, watafiti wakisaka tiba ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo; moyo haukunufaika sana, ila wanaume waliojaribiwa waliripoti jambo jingine. Marekani ikakiidhinisha tarehe 27 Machi 1998 kwa jina la Viagra, na kufikia 2012 kilikuwa kikiingiza takriban dola bilioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2013 hataza yake ikaisha Uingereza. Leo viwanda vingi, hasa vya India, vinakitengeneza kwa majina mbalimbali na bei imeporomoka.

Hata hivyo, mwanamume wa Ihanda, wilayani Karagwe, akikitaka kihalali ana mlima wa kupanda. Sildenafil na mwenzake tadalafil ni dawa za cheti cha daktari. Duka lililo karibu na watu vijijini ni duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili ya maradhi ya kila siku kama malaria na kuhara. Famasi yenye mfamasia ni ya kufuatwa mjini, Kayanga, au hata Bukoba. Na akishafika dirishani, pengine mtoa dawa ni binti wa jirani, na nyuma yake kwenye foleni amesimama shemeji.

Hapo ndipo soko la pili linapopata wateja.

Soko hilo halidai cheti wala halimuulizi mtu umri. Linauza vumbi la Kongo, mkuyati, mizizi na unga wa kila namna, mnadani, stendi na kwa njia ya simu. Si haki kuuweka ufundi wote wa tiba asili katika kapu moja na ulaghai: Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na mzizi ambao Kenya huuita mukombero na Uganda mulondo umetafunwa hadharani vizazi na vizazi. Tatizo ni unga usio na lebo, usiojulikana umetoka wapi wala una nini ndani.

Mfano wa bidhaa yenye dawa iliyofichwa ulitoka Uganda, ng'ambo ya mto Kagera. Mwishoni mwa 2018, Mganda mmoja alilalamika kwamba kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia, kilimtoa jasho mfululizo na kumwacha amesimamisha kwa saa kadhaa. Mamlaka ya dawa ya Uganda ilikipima ikakuta sildenafil ndani. Zambia nayo ikapima, na mapema 2019 kinywaji kikaamriwa kiondolewe sokoni. Kwa wilaya ya Kyerwa, ambako Murongo inatazamana na Kikagati ya Uganda, habari hiyo si ya mbali. Bidhaa iliyovuka kutoka Zambia hadi Uganda haishindwi kuvuka daraja la mto huo.

Madhara ya sildenafil iliyofichwa hivyo yako wazi. Sildenafil ikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla kiasi cha kuua. Mwenye kidonge anajua amemeza miligramu 50 au 100. Mwenye kijiko cha unga hajui kitu, na daktari wa zamu atakayempokea hajui pia. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, ni dharura ya hospitali.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye hesabu za muuzaji yeyote. Uchunguzi uliofanywa kliniki ya kisukari ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya wanaume waliohojiwa wana upungufu wa nguvu za kiume kwa kiwango fulani. Kuishiwa nguvu mara nyingi ni dalili ya mishipa ya damu inayoharibika, kwa sukari, kwa presha au kwa sigara. Anayenunua unga kwa siri mwaka mzima analipia kuficha ugonjwa ambao kipimo kidogo cha damu au cha presha kingeufichua.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Tangu 2018 mfamasia wa huko anaweza kumuuzia mtu sildenafil ya miligramu 50 bila cheti, baada ya kumhoji kuhusu moyo wake na dawa anazotumia. Sababu mojawapo ilikuwa kuwavuta wanaume kutoka kwenye wauzaji haramu wa mtandaoni. Karagwe na Kyerwa hazihitaji kusubiri sheria ibadilike ili kuanza. Mganga wa kliniki ya presha anaweza kuuliza kuhusu nguvu za kiume yeye mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na kuandika cheti papo hapo. Famasi nayo inahitaji chumba kidogo cha pembeni, mashine ya kupimia presha na mtoa dawa asiyepaza sauti. Wateja wapo tayari, na fedha wanazitoa kila wiki kwa wengine.