Kulala Hekaluni Koyasan

Koyasan ni mji wa mahekalu ulio milimani katika mkoa wa Wakayama, Japani, kwenye kimo cha mita 800 hivi. Mtawa Kukai, aliyeleta madhehebu ya Kibuddha ya Shingon kutoka China, alipewa mlima huo na mfalme mwaka 816. Leo kuna mahekalu 117, na kama 50 kati yake hulaza wageni. Malazi hayo huitwa shukubo. Zamani kila ukoo mkubwa ulikuwa na hekalu lake la kuombea wafu, na mahujaji wa himaya yake walifikia hapohapo. Wanaume tu, lakini. Wanawake waliishia kwenye vibanda vya sala mpakani, na kimoja bado kimesimama. Serikali iliondoa marufuku hiyo mwaka 1872. Nasikitika nikiwafikiria waliopanda mlima wote ule wakarudi bila kuingia.

Mgeni huvua viatu mlangoni, akapelekwa chumba cha mikeka ya tatami. Chakula cha jioni huja mapema, kwenye visinia vyenye miguu. Hakuna nyama wala samaki, kitunguu wala kitunguu saumu. Hata supu, ambayo Wajapani wengi huitia ladha kwa samaki mkavu, hapa huchemshwa kwa mwani na uyoga. Kuna goma-dofu: ufuta husagwa hadi ulainike kabisa, ukasongwa motoni na wanga wa mizizi, kisha ukaachwa ugande. Sisi tuujuao ufuta kwenye kashata hatungeutambua, kwa ulaini wake.

Alfajiri ni ibada. Mgeni hukaa nyuma, haulizwi dini yake. Watawa wakisoma kwa sauti moja nzito, huenda akaalikwa asogee atie chembe za ubani chetezoni.

Kisha aende Okunoin, penye makaburi zaidi ya 200,000 chini ya mierezi mirefu. Mwishoni kuna kaburi la Kukai. Wafuasi wake hawasemi alikufa mwaka 835. Wanasema yumo katika tafakuri. Kwa hiyo hupelekewa chakula mara mbili kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa nne na nusu. Watawa hulibeba sanduku la mbao mabegani, wakavuka daraja la Gobyobashi. Ng'ambo ya daraja hilo hapapigwi picha. Wageni huvua kofia, wakainama, sanduku likapita.