Porsche 911 za zamani hupimwa oili injini ikiunguruma

Porsche 911 SC, iliyoshika nafasi ya pili katika mbio za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1978 ikiendeshwa na Vic Preston Jr., haipimwi oili kama magari ya kawaida. Oili yake haikai chini ya injini, bali katika tangi la pembeni, na pampu huizungusha. Injini ikizimwa na kupoa, sehemu ya oili huteremka na kubaki injinini. Kijiti cha kupimia huweza kutoka kikavu ilhali oili imo.

Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Huongeza lita nzima, na ziada husukumwa hadi kwenye kichujio cha hewa, gari likafuka moshi.

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini ipate joto lake la kawaida na iendelee kuunguruma polepole. Kijiti kifutwe, kirudishwe, kisomwe. Oili iongezwe kidogo kidogo, huku ikipimwa tena.

Sindano ya kiwango cha oili hushuka gari liendapo, na hilo si la kutisha. Ya shinikizo ikianguka, injini izimwe papo hapo.