Kahawa, asali na dagaa: Panga begi nyumbani, usisubiri mashine uwanjani

MSAFIRI anayetoka Mbinga kwenda kupanda ndege Songea huwa amekwishamaliza safari moja kabla ya kuanza nyingine. Ni karibu kilometa 100 za milima na kona. Anayetokea Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, huongeza kilometa nyingine zaidi ya 60 kabla hajafika Mbinga.

Kwa sababu hiyo, chupa ya asali ikikataliwa kwenye ukaguzi, hakuna wa kumkabidhi airudishe nyumbani. Msindikizaji amekwishageuza gari. Asali inabaki uwanjani na mwenyewe anapanda ndege mikono mitupu.

Kwa anayekwenda kutembea, hiyo ni hasara ndogo. Kwa mkulima au mfanyabiashara anayekwenda kuonana na mnunuzi Dar es Salaam, Moshi au nje ya nchi, kilichobaki mezani kwa mkaguzi huenda ndicho alichokwenda kukiuza. Mnunuzi hanunui maneno, ananunua alichokiona, alichokinusa na alichokionja.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Usiku wa kuamkia safari, tandika mkeka na gawa vitu katika mafungu matatu: vya begi la mkononi, vya mzigo unaokabidhiwa kaunta, na visivyopanda ndege kabisa.

Sampuli ya kahawa

Kahawa, iwe mbichi, iliyokaangwa au ya unga, inaruhusiwa kupita kwenye ukaguzi. Tatizo huwa ni namna ilivyofungwa. Kilo kadhaa zilizoshindiliwa katika furushi moja huonekana kwenye eksirei kama bonge zito lisiloeleweka, na mkaguzi hulazimika kulifungua.

Ni vyema kuigawa katika pakiti ndogo za karatasi ngumu au vitambaa, za nusu kilo au pungufu, na kuzipanga zikiwa zimelala badala ya kurundikana. Kila pakiti iandikwe jina la chama cha msingi, daraja la kahawa kama AA, A, B au PB, msimu na uzito. Usiishone wala kuigandisha kwa gundi, kwani ikichanwa huwezi kuifunga tena. Barua ya chama inayoeleza kuwa hiyo ni sampuli hurahisisha maelezo.

Jambo kubwa zaidi ni kutoweka sampuli zote mahali pamoja. Nusu iende kwenye begi la mkononi na nusu kwenye mzigo wa kaunta. Mzigo ukichelewa kufika, mazungumzo na mnunuzi hayatasimama.

Anayekwenda Marekani akumbuke kuwa tangu Juni 30, 2018, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi huweza kuhitaji ukaguzi wa ziada na hata kuzuiwa. Unga wa kahawa uwekwe kwenye mzigo wa kaunta.

Asali na mililita 100

Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kuzima njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Novemba mwaka huo Umoja wa Ulaya uliweka sharti ambalo baadaye lilienea duniani: kwenye begi la mkononi, kila chombo cha majimaji kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vienee katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa ujazo wa lita moja.

Wengi hukosea mambo mawili. Kwanza, kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kilichomo. Chupa ya nusu lita yenye asali kidogo chini inakataliwa. Pili, majimaji si maji tu. Asali, mafuta ya alizeti, siagi ya karanga, jamu, mafuta ya kujipaka na dawa ya meno vyote vimo. Maziwa ya mtoto na dawa za mgonjwa huruhusiwa kwa kiasi cha safari, ila vionyeshwe kwa mkaguzi.

Baadhi ya viwanja vya Ulaya vyenye mashine mpya vimelegeza sharti hilo, lakini abiria hukaguliwa kwa utaratibu wa uwanja anaoanzia na kila anaobadilishia ndege. Hivyo, vichupa viwili vitatu vya asali vya mililita 100 vya kuonjesha viwe mkononi. Chupa kubwa ziende kaunta, zikiwa zimefungwa vizuri na kuzungushiwa nguo. Ulanzi na pombe nyingine inayoendelea kuchachuka ni bora ibaki nyumbani, maana gesi yake huweza kupasua chupa na kulowesha mizigo ya wengine.

Kuhusu mifuko, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019. Wakati huo Serikali ilieleza kuwa vifuko vya zipu ambavyo wageni hubebea vitu vya usafi wa mwili vitaruhusiwa, kwa matarajio kwamba wataondoka navyo. Ruhusa hiyo haikuhusu vifungashio vya bidhaa, kwa hiyo asiwepo wa kufungia kahawa humo.

Mbolea haionekani, lakini mashine huinusa

Kuna ukaguzi ambao humshangaza mkulima asiye na kosa lolote. Mkaguzi hupitisha kitambaa kidogo juu ya begi au viganja vya abiria, kisha hukiingiza kwenye mashine inayotafuta chembe za vilipuzi. Mbolea zenye nitrati, ikiwamo CAN inayotumika sana kwenye kahawa na mahindi, zina kemikali zinazofanana na zile za baruti za migodini. Chembe chache zilizosalia kwenye begi zinaweza kuifanya mashine ilie.

Abiria akitulia na kueleza kuwa ni mkulima, kwa kawaida hukaguliwa upya na kuendelea na safari. Lakini muda umepotea. Begi lililowahi kubeba mbolea lisiwe la safari, na viatu vya shambani vibaki shambani.

Mbolea yenyewe na viuatilifu, hata kichupa cha dawa ya chulebuni au ya kutu ya majani cha kumwonyesha mtaalamu, visiwekwe kwenye begi lolote. Piga picha ya lebo, inatosha. Mikasi ya kupogolea, visu na mapanga viende kaunta, makali yakiwa yamefunikwa.

Dagaa na vifaa vya ziwani

Dagaa wakavu wa Nyasa si tatizo kwa mashine, bali kwa pua za majirani. Wafungwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na kukabidhiwa kaunta, baada ya kuuliza shirika la ndege kama linawapokea. Samaki wabichi wenye barafu wasiwekwe mkononi, kwani barafu ikiyeyuka ni maji.

Wenye boti wanaosafirisha vipuri vya injini wajue kuwa kabureta au tangi lililowahi kuguswa na petroli hukataliwa, hata likiwa tupu.

Anayekwenda ng'ambo azingatie pia kuwa kupita kwenye mashine si kuruhusiwa kuingia nchi ya watu. Tangu Desemba 14, 2019, Umoja wa Ulaya hudai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda na mboga mbichi. Cheti hicho hutolewa nchini na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Betri, na mzigo wa jirani

Pawabenki huwekwa kwenye begi la mkononi tu, kamwe si kwenye mzigo wa kaunta, kwa sababu betri yake ikishika moto ni lazima ionekane haraka. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, yaani takriban mAh 27,000. Ile ya mAh 20,000 inaruhusiwa, ila maandishi yake yawe yanasomeka.

La mwisho ni gumu kwa mila zetu. Jirani huja usiku na kifurushi: "Nifikishie kwa mwanangu Dar." Mbele ya mkaguzi, begi ni la aliyelibeba, na kikikutwa kitu cha haramu ndani yake, jirani hayupo. Kifunguliwe mbele yake na kupangwa upya, au kikataliwe kwa heshima.

Siku ya safari, fika saa mbili kabla kwa safari ya ndani na saa tatu kwa ya nje. Funguo, sarafu, saa na mkanda vitiwe kwenye mfuko wa begi kabla ya kufika kwenye foleni, na fedha pia, ili zisibaki kwenye trei. Kompyuta na mfuko wa majimaji viwe juu, tayari kutolewa.

Wamatengo hawafukii ngolo kabla ya kupanga majani yaliyofyekwa. Hata begi la safari hupangwa kwanza, kisha ndipo hufungwa.