Uchumi wa Biashara: Mfano wa Machimbo ya Tenke

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayechagua uchumi wa biashara hasomi utajiri wa taifa zima. Somo lake ni kampuni moja: izalishe kiasi gani, iuze kwa bei gani, iwekeze lini na isimame lini. Tangu Joel Dean alipochapisha kitabu chake Managerial Economics mwaka 1951, taaluma hii imefundishwa zaidi kwa mifano halisi. Mfano mmojawapo ulio bora umo katika nchi ya wasema Kiswahili, huko Tenke, mkoani Lualaba.

Tenke ni njia panda ya reli. Hapo tawi liendalo Dilolo hadi bandari ya Lobito, lililokamilika mwaka 1931, huachana na reli ya Bukama. Katika miaka ya 1970 ushirika wa makampuni ulianza kujenga machimbo ya shaba, au mukuba kama wasemavyo Wakatanga. Vita vya Angola vilifunga njia ya Lobito mwaka 1975, bei ya shaba ikaanguka, na mwaka 1976 kazi ikasimamishwa. Nadharia inafundisha kwamba gharama iliyokwisha kuzama isihesabiwe tena. Linaloulizwa ni kama dola itakayotumika kesho itarudi na faida. Kwa kanuni hiyo, wenye mtaji hawakukosea. Lakini uzalishaji ulianza mwaka 2009 tu, na miaka 33 ya kungoja kwa wakazi wa Tenke haina safu katika daftari la kampuni.

Somo la pili ni kobalti. Madini hayo hutoka pamoja na shaba katika jiwe moja, hivyo bei yake ikishuka, uzalishaji haupungui maadamu shaba inalipa. Mwaka 2018 tani moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 90,000. Mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa chini ya robo ya hiyo. Soko halikuweza kujirekebisha lenyewe, ndipo serikali ya Kongo iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje Februari 2025, na Oktoba ikaweka viwango maalumu kwa kila kampuni.

La tatu, na pengine zito kuliko yote, ni mkataba. Katika makubaliano ya 1996 Gécamines, kampuni ya serikali, ilikuwa na asilimia 45 ya hisa. Mwaka 2005 ikabakiwa na 17.5, kisha ikapandishwa hadi 20. Mwaka 2022 ilidai kwamba mbia wake, kampuni ya CMOC ya China, ilitaja akiba ya madini pungufu ili kupunguza malipo. Usafirishaji ulisimama kwa miezi kadhaa. Suluhu ya Aprili 2023 iliiahidi Gécamines dola milioni 800 katika miaka sita, mbali na gawio.

Hapa ndipo hesabu ya thamani ya fedha kwa wakati inapohitajika. Tuseme fedha hizo zingelipwa kwa mafungu sawa mwishoni mwa kila mwaka, na riba ichukuliwe kuwa asilimia 10: siku ya kutia sahihi zingekuwa na thamani ya dola milioni 581 hivi.