Je, Wajua? Giaboksi ya Porsche Hushuka na Injini Yake

Je, wajua kwamba Joginder Singh, dereva wa kwanza kushinda mbio za magari za Safari Rally mara tatu, alizaliwa mwaka 1932 mjini Kericho, katika nchi ya majani chai? Mwaka 1974 alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer, huku Björn Waldegård wa Uswidi akishika nafasi ya pili kwa Porsche 911, gari la michezo ambalo sasa huhesabiwa miongoni mwa magari ya kale yenye thamani kubwa.

Mbele ya fundi, magari hayo mawili hayafanani hata kidogo. Giaboksi ya Lancer, yaani kasha la gia zinazobadilisha uwiano wa kasi na nguvu kati ya injini na magurudumu, imefungwa nyuma ya injini chini ya sakafu, hivyo hushushwa peke yake baada ya propela shafti na stata kuondolewa. Lakini injini ya Porsche iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwa kawaida hushushwa kwa jeki pamoja na giaboksi, kisha ndipo hutenganishwa.

Hapo ndipo penye hatari. Shafti ya giaboksi hupenya katikati ya sahani ya klachi, na uzito wa giaboksi ukiachwa uning'inie juu ya shafti hiyo, sahani hupinda. Kwa hiyo giaboksi hutegemezwa kwa jeki na kuvutwa ikiwa imenyooka, hadi shafti itoke yote.