Ampli ya besi: tuulize wati kabla ya kufungua kisanduku

Hapa Goma kwaya nyingi za vijana zinategemea vikundi vyetu kwa kununua vyombo. Ombi likiwa ni ampli ya gitaa la besi, pesa si kidogo. Zingeweza kulipa minervali ya watoto. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, haichezeki bila besi. Tusiwakatalie, lakini tununue mara moja.

Ampli ndogo inasikika vizuri dukani. Drams na kinanda vikianza, besi inapotea. Kijana anapandisha sauti mpaka mwisho, spika inakwaruza, halafu inaungua. Hii ni kwa sababu uzi mnene wa besi unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde. Sikio letu halishiki upesi sauti ya chini hivyo, na spika inapaswa kusukuma hewa nyingi. Ampli inayotosha gitaa la solo haitoshi besi.

Kwa hiyo tumuulize kijana: utapigia wapi?

Kujifunza nyumbani, wati 20 hadi 40 zinatosha. Kanisani pamoja na kwaya na ngoma ndogo, tutafute wati 100 hadi 150. Kukiwa na drams, wati 200 hadi 300. Uwanjani au kwenye arusi kubwa, 300 na zaidi. Kama kanisa lina vyombo vikubwa vya sauti, besi inaweza kuunganishwa humo. Hapo ampli ndogo inatosha mpigaji ajisikie mwenyewe.

Tusidanganywe na namba. Wati mara mbili zinaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti mara mbili, zinahitajika wati karibu mara kumi. Kuuza ampli ya wati 100 ili kununua ya 150 hakuna faida. Tena, tusome wati zilizoandikwa RMS, ndizo ambazo ampli inazitoa muda wote. Namba kubwa ya PMPO ni ya kuvutia wanunuzi.

Nyuma ya ampli kunaandikwa pia ohm. Ikiwa imeandikwa kiwango cha chini ni ohm 4, bafle ya ohm 8 inaweza kuingia, lakini nguvu itapungua. Bafle mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa ohm 4. Tukiteremka chini ya hapo, ampli inaweza kuungua.

Tuangalie umeme pia. Kwetu ni volti 220. Chombo cha volti 110 pekee kitaungua siku ya kwanza. Kwa kuwa umeme unapanda na kushuka, tuweke pesa ya stabilizata katika hesabu ileile.

Na masikio ya watoto? OMS inashauri watu wazima wasipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na watoto desibeli 75. Tusiwakalishe wadogo mbele ya bafle.

Siku ya kununua, mama mmoja wa kikundi aende pamoja na mpigaji, wabebe besi yenyewe, wasikilize kwa sauti ya kazi, siyo ya kunong'ona. Spika ikikwaruza sauti ikiwa bado nusu, warudi nyumbani na pesa.